Mshumaa wa Mkono wa Kulia

Nilijua kwa harufu. Nilikuwa kwenye baraza la duka pale Singida Mjini, mahali nilipoweka cherehani yangu, napiga pasi suruali ya mteja, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikatazama ng'ambo ya barabara kwa mchoma mishikaki, nikaona hata jiko hajawasha. Aliyekuwa anaungua ni mimi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimelalia pasi ya mkaa, na sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye baka mgongoni au mkononi, baka lisilowasha wala kuuma, anayejiambia kwamba ni choa tu, litaondoka lenyewe. Mimi nilijiambia hivyo kuanzia mavuno ya mtama mpaka mavuno mengine. Sitaeleza ugonjwa huu unaingiaje mwilini kwa sababu sijui, na wengi walionieleza hawakujua pia. Nitasimulia niliyoyapitia, na mengi yalinikera. Mtu asije akaniambia kwamba ugonjwa ulinifundisha uvumilivu. Nilitoka hospitali na hasira nyingi kuliko nilizoingia nazo.

Ukoma nilitajiwa kwenye hospitali moja ya misheni huko Iramba, mbali kidogo na Kiomboi. Kabla ya kutajiwa nilikaa kwenye benchi la kungojea tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Benchi lile lilikuwa na mambo yake. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, kila mtu alikuwa anatazama mikono. Unaificha ya kwako chini ya kanga au ndani ya kofia, halafu macho yako yanapekua ya wenzako kuona nani amezidi. Mimi niliukalia mkono wangu. Nilikaa hivyo mpaka nikahisi lazima umekufa ganzi, kisha nikakumbuka kwamba ganzi ilikuwepo tangu zamani.

Mganga wa hospitali aliniambia nifumbe macho, naye atanigusa kwa pamba. "Kila nikigusa, nionyeshe." Nikaonyesha hapa, nikaonyesha pale. Nilikuwa nabahatisha. Nilipofumbua macho nilimkuta ameshaweka pamba mezani, anaandika, na mimi bado naonyesha.

Akanieleza kwamba dawa zipo, vidonge vya kumeza kila siku kwa muda mrefu, na kwamba dawa itaumaliza ugonjwa. Lakini vidole viwili vya mwisho vilikwisha kuanza kujikunja kuelekea kiganjani, na hivyo dawa haitavinyoosha. Nisipovifanyisha kazi kila siku mkono utafunga. Nikafikiri habari ya mkasi na sindano. Nikafikiri pia habari ya watu. Baka unalifunika kwa shati, lakini huwezi kusalimiana na wakwe zako mkono ukiwa mfukoni. Kwetu, mkono uliojikunja ndio unaotangaza ugonjwa hata kama vidudu vimekufa siku nyingi. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani kwa mke wangu Hadija na binti yetu Mwanaidi, nikiwa na mkono wa kumpa mtu.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Ikungi, kwenye mji wa peke yake, boma la familia moja, majirani unawaita kwa kupaza sauti. Kila wiki nilikwenda mjini kushona na kurudi. Hadija alinifungia godoro na shuka mbili, akanisindikiza mpaka njia ya basi, hakulia. Nilimkasirikia kwa kutolia, ingawa angelia ningemkasirikia pia.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vya chuma na madirisha mapana. Mvua za kwanza zilinikuta pale, nikameza vidonge. Mvua zikaisha, nikameza vidonge. Wenzangu walicheza bao chini ya ukuta wa jiko kutwa nzima. Mimi bao silijui, kila nikicheza nafungwa, na kufungwa na watu wagonjwa kunauma zaidi.

Muuguzi wa mikono alikuwa Sista Naomi, Mnyiramba mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kila asubuhi aliyeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, akaipima kwa kiwiko chake, ndipo akatuchovya mikono. Unachovya, unatoa, unachovya tena, mpaka mkono unavaa nta kama soksi. Anaufunga kwa kitambaa, mnakaa. Baadaye unaibandua, unaifinyanga kiganjani ingali laini, huku unavilazimisha vidole vifunguke. Wengine walisema raha yake haielezeki. Mimi nusu ya mkono wangu haikujua kama ile ni nta ya moto au ni maji ya mtungini, kwa hiyo raha hiyo nilisimuliwa tu.

Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Juma, wewe si fundi? Njoo nikupe kazi ya kupitishia muda."

"Ninayo, Sista. Nanuna."

"Basi njoo unune huku mkono unafanya kitu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye uchongaji wa mishumaa. Sista alikuwa amefundishwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekwisha kurudi kwao. Unachukua mshumaa mnene mweupe, unaushika kwa utambi, unauchovya kwenye nta yenye rangi, unautia kwenye maji, unauchovya kwenye rangi nyingine, unarudia mpaka unanenepa kwa matabaka. Rangi tulizipata kwa kuyeyusha vipande vya kalamu za nta vilivyotupwa na watoto wa shule ya misheni. Halafu unautundika, na hapo mbio zinaanza. Kwa kisu chembamba unakata ukanda kutoka juu kwenda chini bila kuuangusha, unaukunja au kuusokota, unaubandika tena ubavuni mwa mshumaa. Kwenye ule mkato rangi zote zinatokeza, nyekundu, nyeupe, kijani, mstari juu ya mstari. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini ukichelewa nta inakuwa ngumu, ukanda unakatika. Ukiharakisha unachuruzika wote mkononi. Na kinachokwambia kwamba wakati umefika ni ncha za vidole.

Mtu mwenye ukoma wa mikono kuambiwa apime kwa ncha za vidole. Nilimwambia Sista kwamba hii ni dhihaka. Akanijibu kwamba kisu kiko mezani.

Mishumaa yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Kitanda cha jirani alilala Kitundu, mrina asali wa kutoka Mkalama, mtu mkubwa mwenye kucheka kwa tumbo zima. Ndugu zake walikuwa wanatuletea nta ya nyuki. Akiuona mshumaa wangu anauzungusha polepole.

"Mtani, hili ni gunzi au ni mguu wa kuku?"

"Ni kichwa chako."

"Basi kichwa changu kimeungua."

Aliniita Shehe wa Mishumaa, kwa kuwa nilikuwa Mwislamu ninayetengeneza mishumaa ya kanisani. Jina likasambaa mpaka wodi ya akina mama. Kiangazi kilipokolea, maua yalipokauka porini, nyuki walifuata harufu ya nta yetu wakaingia dirishani kundi zima, wagonjwa wenye magongo wakatoka mbio bila magongo. Kitundu alibaki amelala anacheka, anasema hao ni wa kwao wamekuja kumsalimia.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba kazi yenyewe sikuiona maana yake. Kwetu tunawasha koroboi. Nani atawasha mshumaa uliofumwa kama mkeka? Ukiuwasha umeuharibu, usipouwasha ni mshumaa wa nini? Lakini niliendelea, kwa sababu vidole vilikuwa vinanyooka. Polepole mno, hata mtu wa pembeni asingeona, lakini mimi fundi najua kupima kwa jicho. Kilichokuwa kinagusa kiganja sasa kilikuwa hakigusi.

Ndipo nikaharibu. Fundi cherehani hapimi pasi kwa kiwiko. Analamba kidole, anagusa chuma haraka, chuma kikilia anajua ni cha moto. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa mwanagenzi, na hakuna anayekukumbusha kufanya kitu ulichokizoea kiasi hicho. Asubuhi moja Sista alikuwa kwenye ibada, nikajiyeyushia nta mwenyewe. Nikalamba kidole cha shahada, nacho kilikuwa kimekwisha kupoteza nusu ya hisi zake, nikagusa, nikasikiliza. Kimya. Nta hailii kama chuma. Nikasema bado haijapata moto, nikaingiza mkono mzima kuikoroga rangi iliyotuama chini.

Malengelenge yalivimba mpaka vidole vikawa havitofautiani. Sista Naomi hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alinifunga bandeji, akachukua kisu changu, akakifungia kabatini. Wiki na wiki sikugusa nta. Chini ya bandeji nilijua kabisa vidole vinarudi kujikunja, na sikuweza kufanya lolote. Kidole cha mwisho kilipona kikiwa kifupi, bila kucha. Nililia kwa hasira, na sikujificha.

Kabla sijapata nafuu, upepo wa Julai ukaja na mwili ukanigeuka. Wauguzi walisema ni dawa inapigana na ugonjwa. Vinundu vyekundu vilinitoka miguuni na mikononi, homa, viungo vyote vinauma, masikio yakavimba nikawa siyajui. Vile vidole viwili havikusikia kitu, na mwili uliobaki ulisikia kila kitu. Kitundu, ambaye hakuwa ndugu yangu wala mtu wa dini yangu, alinilisha uji kwa kijiko kwa muda wote ule, na aliuliza kila mara kama ni wa moto. Hiyo naiandika hapa ili isomeke.

Nilipoweza kukaa kitako Hadija alikuja kunitazama. Alikuwa amekonda, viganja vyake vimechubuka. Nilimuuliza kulikoni.

"Tumehamishwa, Baba Mwanaidi. Wote. Tuko kwenye kijiji sasa, nyumba zimepangwa mstari. Nimejenga mwenyewe kibanda cha kuanzia."

"Na mji wetu?"

"Tumeng'oa milango tukahama nayo. Mengine tumeacha."

Nilikuwa nimelala miezi yote ile nikiuwaza mji ule, kumbe haukuwepo.

"Hilo siyo nililokujia," akasema. Akanieleza. Zamani mtu mwenye ugonjwa kama wangu angekaa kwenye mji wake, jirani yuko mbali, hakuna wa kumsumbua. Sasa nyumba zilikuwa zimegusana, watoto wanacheza ua kwa ua, maji yanachotwa mahali pamoja. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ntandu, alikuwa amesema familia nyingine zote kwenye kumi yake zinakataa. Mgonjwa wa ukoma hatapewa kiwanja kati yao. Kwenye kile kibanda tumewekwa kwa muda tu, mpaka shauri liamuliwe. Likiamuliwa vibaya, Hadija amchukue mtoto arudi kwa wazazi wake, na mimi nibaki huko huko misheni.

"Umewaambia dawa inaua ugonjwa?"

"Nimewaambia. Wanauliza mkono ukoje."

Alipoondoka nilimwendea Sista nikadai kisu changu. Akanitazama.

"Safari hii unapima kwa kitu gani?"

"Kwa chochote utakachosema."

Akanifundisha kupima kwa shavu. Shavu langu la kushoto lilikuwa zima, linasikia vizuri. Unausogeza mshumaa karibu, usiuguse, joto lenyewe linakuja. Na mimi mwenyewe nikagundua jambo la macho: nta ikiwa bado ya moto mno inang'aa, ikifika wakati wake mng'ao unafifia ghafla, na hapo ndipo pa kukata. Wenzangu walicheka kuniona nimeuelekezea mshumaa shavu kama ninayenong'ona nao. Niliwaacha wacheke.

Niliharibu mingi. Mkono ulikuwa umerudi nyuma sana baada ya kuungua, na kidole kifupi kilikuwa kinaniponyoka kila nilipotaka kusokota. Kuna siku nilirusha mshumaa ukutani, doa lake la kijani likabaki pale wodini. Kuna siku nilimwambia Kitundu kwamba nimeshindwa, naye akasema sawa, shindwa, lakini kwanza uniondolee sufuria kitandani. Vidonge, nta, mazoezi, kisu. Mvua zikaja tena, watu wa wodini walionikuta wakaanza kwenda kwao.

Mwisho nikapata mmoja. Mkubwa, wa kushikwa kwa mikono miwili. Nilichovya matabaka mpaka mkono ukachoka, nikachonga kwa namna ninayoijua mimi, ya nguo: chini marinda, katikati pindo mbili zilizopishana, juu kola iliyokunjuka. Kanda zote nilizisokota kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano vikifanya kazi, hata kile kifupi. Hakuna hata mmoja uliokatika. Kitundu aliuzungusha polepole, akakosa neno la utani, nikamwona anatafuta. Sista alitaka uwekwe madhabahuni sikukuu ya Pasaka. Nilikataa.

Hadija alipokuja tena nilimkabidhi, umefungwa kwenye kanga yake ya zamani. "Peleka. Uweke mahali wanapoingia watu. Mtu akikuuliza mkono wa mumeo ukoje, mwonyeshe huu. Mtu mwenye mkono uliofunga hawezi kufanya hivi."

"Ni mzuri," alisema. Alikuwa na haraka ya basi.

Nilingoja majibu tangu palizi mpaka mtama ulipotoa masuke. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko homa, maana homa ina dawa. Kisha siku moja mganga alinifumba macho, akanigusa kwa pamba, safari hii sikubahatisha, na pale nisiposikia nilinyamaza. Akasema naweza kuendelea na vidonge nikiwa nyumbani. Hadija alikuja kunichukua. "Kiwanja kimepatikana," alisema, na zaidi ya hapo hakusema. Alikuwa anahesabu mizigo.

Kijiji kilikuwa kama alivyosema, mistari miwili na barabara pana katikati. Mzee Ntandu alikuwa amesimama kwenye ua wake. Nikamwendea, nikasema shikamoo, nikatoa mkono wa kulia, umefunguka, si wote, lakini umefunguka. Aliutazama kwa muda. Akasema marahaba, karibu, na mikono yake ikabaki nyuma. Nilisimama pale na mkono wangu mbele ya watu. Karibu miaka miwili ya nta kwa ajili ya mkono ule, na mtu anautazama tu. Ningeweza kumtukana. Hadija akaniita nije nione nyumba.

Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, vyumba viwili, imesimama sawa. Nikatafuta mahali pa kuingilia watu. Palikuwa na kigoda na mtungi.

"Mshumaa uko wapi?"

"Uliwaka."

Sikuelewa. Akarudia kwamba uliwaka wote, ukaisha. Nilimuuliza kama alijua nilichofanya kuupata ule mshumaa, nikamuuliza kama alikosa hata kibatari. Alinipa kigoda nikae, akawa anasonga ugali huku anasimulia.

Shauri letu lilikuwa limeahirishwa mara kwa mara. Mzee Ntandu aliitisha kikao jioni baada ya shamba, watu wakazungumzia mbegu, wakazungumzia jembe la kijiji, na kila walipofika kwenye habari yangu giza lilikuwa limeingia. Mafuta ya taa hayakuwepo dukani. Mzee akasema basi, hatuonani, tutalimaliza siku nyingine. Watu wakasimama kwa furaha. Hawakutaka kunikubali wala hawakutaka kuonekana wamenikataa, na giza lilikuwa linawasaidia. Safari ya mwisho Hadija alikwenda kikaoni na mshumaa ndani ya kanga. Mzee aliposema hatuonani, akausimamisha katikati, akauwasha.

"Wengine walirudi nyuma," alisema, "wakasema moshi wake una ugonjwa. Mimi nikakaa karibu nao na Mwanaidi mapajani. Nikawaambia, mimi nimelala na yule mtu, nimekula naye, nimemzalia. Nitazameni ngozi, mwanga upo. Na mtoto mtazameni."

"Wakakutazama?"

"Mwanzoni walikuwa wanatazama mshumaa. Halafu wakanitazama."

Ulikuwa mshumaa mnene, nilivyoutengeneza mimi mwenyewe. Uliwaka muda mrefu kuliko visingizio vyao. Kola iliyeyuka, pindo zikayeyuka, watu wamekaa, hakuna anayeweza kusema haonekani. Ulipofika kwenye marinda Mzee Ntandu alisema kiwanja apewe Mama Mwanaidi. Siyo mumewe, yeye. Atakayemkaribisha ndani ni shauri lake. Mikono ikanyooshwa, si ya wote.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mke wangu, na mimi mgeni aliyekaribishwa. Hilo nalo likaniuma. Leo nashona tena, polepole, mkasi nimeuzungushia kitambaa, na usiku wa kila siku natazama mikono na nyayo kama kuna kidonda nisichokisikia. Nakushauri na wewe ufanye hivyo. Mzee Ntandu huniletea suruali zake kutiwa viraka, huziweka juu ya cherehani, mkono hatoi. Kitundu alifia kwao Mkalama, na sijapata tena wa kuicheka mishumaa yangu, ingawa nachonga mmoja mmoja nikipata nta.

Lakini siku ile ya kwanza sikuwa na fikira hizo. Nilikaa kwenye kigoda nimevimba kwa hasira. Nilimwambia Hadija kwamba ule ulikuwa ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, sitaweza kutengeneza mwingine kama ule, na angenipa mimi ningeuweka mpaka nazeeka.

Alipakua ugali kwenye sahani moja, akaisogeza katikati yetu, akaketi.

"Ungeuweka kwenye nyumba ipi?"